Istilahi za Utambuzi wa Uambukizo wa Damu Utokanao na Katheta

1. Utangulizi

Miongoni mwa nyaraka zinazofasiriwa kwa Kiswahili siku hizi, ni chache zinazodai uangalifu mkubwa kuliko zile za tiba. Kosa katika tafsiri ya hotuba humuudhi msikilizaji. Kosa katika tafsiri ya mwongozo wa wauguzi laweza kumgharimu mtu maisha yake. Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi za uwanja mmoja mdogo, yaani utambuzi wa uambukizo wa damu unaoingia mwilini kwa njia ya katheta ya vena kuu.

Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu mbili. Kwanza, kifaa chenyewe si cha hospitali za ng'ambo peke yake. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, mgonjwa mahututi, na mtoto anayetibiwa saratani, wote waweza kuwekewa kifaa hicho katika hospitali zetu za rufaa. Pili, istilahi za Kiingereza za uwanja huu zina mitego mingi. Takriban kila moja ina neno la Kiswahili linalojulikana na kila mtu, na mara nyingi neno hilo silo linalofaa.

Wala uambukizo wa damu wenyewe si jambo geni kwetu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili juu ya watoto waliolazwa. Utafiti huo ulionyesha kuwa watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi katika damu walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Hao hawakuwa wagonjwa wa katheta, lakini funzo ni lile lile: damu ikiingiwa na vijidudu, muda wa kuokoa maisha ni mfupi, na maneno ya kuelezana hayana budi kuwa yamekwisha kuwekwa tayari.

2. Mpira, mrija au katheta?

Neno ambalo watu wanalo kwa kifaa hiki ni "mpira". Mgonjwa husema, "Nimewekewa mpira." Akisema hivyo, aghalabu msikilizaji hufahamu mpira wa mkojo, au ule unaopitishwa puani kupeleka chakula tumboni. Kwa mazungumzo ya wodini neno hilo linatosha, maana mgonjwa na muuguzi wote wanauona mpira wenyewe. Katika maandishi halitoshi, kwa kuwa msomaji hauoni.

"Mrija" ni neno zuri la Kiswahili, nalo hutumika kwa kitu chochote chembamba chenye tundu ndani yake. Udhaifu wake ni huo huo wa upana: mrija waweza kuwa sehemu ya mwili, waweza kuwa sehemu ya mashine, waweza hata kuwa wa kunywea soda. "Kanula" limekwisha kuingia katika lugha ya wauguzi, lakini hutaja kile kifaa kifupi kinachochomwa katika mshipa wa mkono ili mgonjwa apewe dripu. Kanula na katheta ya vena kuu havilingani kwa urefu, kwa muda wa kukaa mwilini, wala kwa hatari zake; kwa hiyo si halali kuviita kwa jina moja.

Basi tunapendekeza "katheta". Neno hili asili yake ni Kiyunani, lenye maana ya kitu kinachoshushwa ndani, na lugha nyingi zimelikopa. Laingia katika Kiswahili bila taabu: silabi zake zote zaishia kwa irabu, na laweza kuwekwa katika ngeli ya I-ZI pamoja na maneno mengine ya mkopo. Hata hivyo, katheta peke yake haitoshi, maana zipo za aina nyingi. Historia yenyewe yatuonyesha hivyo. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, tabibu kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka ukafika moyoni, kisha akaenda kupigwa picha ya eksirei ili kuthibitisha. Mrija alioutumia ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Kwa hiyo tangu mwanzo kifaa kimoja kimekuwa na kazi nyingi, na jina halikamiliki mpaka itajwe njia kinamopita.

3. Kwa nini "vena kuu"?

Katika kuitaja njia hiyo, mfasiri hukutana na matatizo mawili.

La kwanza ni neno "mshipa". Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa waweza kuwa wa damu au wa fahamu. Na mtu akisema "fulani ana mshipa", wengi watafahamu ugonjwa wa ngiri au wa kuvimba korodani. Hata tukisema "mshipa wa damu", hatujaonyesha kama ni ule unaochukua damu kutoka moyoni au ule unaoirudisha. Walimu wa sayansi wamekwisha kuzoea "ateri" kwa ule wa kwanza na "vena" kwa ule wa pili, nasi hatuoni sababu ya kuyaacha maneno hayo.

Tatizo la pili ni sifa inayofuata. Wafasiri wengi huandika "vena ya kati", wakifuata sura ya neno la kigeni. Lakini Kiswahili kimekwisha kuitofautisha dhana hii zamani. Tukitaja mahali palipo katikati, twasema Afrika ya Kati. Tukitaja kilicho kikubwa ambacho vingine vyote humiminikia au hukitegemea, twasema Benki Kuu, Kamati Kuu, Serikali Kuu. Vena zinazohusika hapa ni zile kubwa zilizo karibu na moyo, ambazo vena ndogo zote humimina damu yake ndani yake. Hazikuitwa hivyo kwa sababu ya kuwa katikati ya kitu. Hivyo "katheta ya vena kuu" yaeleza maana, ilhali "katheta ya vena ya kati" humfanya mwanafunzi atafute vena iliyo baina ya vena mbili nyingine.

Katheta hiyo huingizwa kupitia shingoni, chini ya mtulinga, kinenani, au hata mkononi. Kinachoipa jina lake ni mahali ncha yake inapofikia. Mfasiri asije akaandika "katheta ya shingo" kana kwamba ni kifaa kingine.

4. Uambukizo wa mkondo wa damu

Neno "maambukizi" limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Hutumika kwa tendo la kupeleka ugonjwa kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine, na pia kwa hali ya kuwa na vijidudu mwilini. Kwa kawaida muktadha husaidia. Katika nyaraka za kitaalamu tunaona ni vema kugawa kazi: "uambukizaji" liwe tendo la kupeleka, na "uambukizo" liwe hali iliyopatikana, wingi wake "maambukizo". Mwenendo huu wa U- katika umoja na MA- katika wingi tunao katika ugonjwa na magonjwa, na katika uovu na maovu.

Vipi kuhusu "uambukizo wa damu"? Kwa ufupi wake neno hili lafaa katika kichwa cha makala kama haya. Hata hivyo, katika miongozo lina utata. Kwa muda mrefu tangazo la afya limewafundisha watu kwamba UKIMWI huambukizwa kwa damu. Kwa hiyo msomaji aweza kufahamu "uambukizo wa damu" kuwa ni ugonjwa unaopitishwa kwa damu. Tunachotaka kutaja sisi ni vijidudu vilivyo hai, vinavyosafiri ndani ya damu ya mgonjwa mwenyewe. "Uambukizo wa mkondo wa damu" huondoa utata huo, na "mkondo" ni neno la mito na bahari ambalo kila msemaji analifahamu.

Lipo pia "sumu katika damu". Hili liachwe kabisa katika maandishi ya utambuzi. Humpeleka msomaji kwenye fikra za kulishwa kitu kibaya, na katika jamii zetu fikra hizo zaweza kuzua shutuma baina ya ndugu.

5. Uchafuzi, ulowezi, uambukizo

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Vijidudu vikionekana maabara, yapo mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea, nayo hayana tiba moja.

Jambo la kwanza ni kwamba vijidudu havikuwamo katika damu hata kidogo. Vilikuwa juu ya ngozi ya mgonjwa au katika mikono ya mchukua damu, vikaingia katika chupa wakati wa kuchoma sindano. Huu ni "uchafuzi" wa sampuli. Mgonjwa hahitaji dawa. Kinachohitajika ni kuchukua sampuli nyingine kwa usafi zaidi.

Jambo la pili ni kwamba vijidudu vimefanya makazi katika katheta, ndani au nje yake, vikajijengea utando, lakini havijaonekana kuenea katika damu ya mgonjwa. Katika Kiingereza jina la hali hii linatokana na neno lile lile la siasa, na tumewahi kuona limefasiriwa kuwa "ukoloni wa katheta". Msomaji hatajua acheke au alie. Sisi twapendekeza "ulowezi". Kulowea ni kuhamia mahali pa ugenini na kukaa pasipo kurudi. Mlowezi aweza kukaa miaka mingi pasipo vita, ingawa vita vyaweza kuja. Hiyo ndiyo hali hasa ya vijidudu hivyo. Kwa yale madoa ya vijidudu yanayoonekana juu ya sahani ya maabara, "koloni" limekwisha kuzoeleka miongoni mwa walimu wa biolojia, nalo halina madhara maadamu latajwa pamoja na sahani.

Jambo la tatu ndilo "uambukizo" wenyewe: vijidudu vimo katika mkondo wa damu, na mgonjwa anaumwa kwa sababu yake.

Tofauti hizi si za kupendezesha maneno. Mgonjwa mwenye uchafuzi wa sampuli akitibiwa kama mwenye uambukizo, atapewa antibiotiki bila sababu, na huenda akang'olewa katheta ambayo ndiyo njia yake pekee ya kusafishwa damu. Kwa mgonjwa wa figo ambaye vena zake zimekwisha kutumika moja baada ya nyingine, hasara hiyo si ndogo. Kwa upande mwingine, mwenye uambukizo akidhaniwa kuwa na uchafuzi tu, aweza kufa katheta ikiwa bado mwilini. Ripoti ya maabara inayosema "vijidudu vimepatikana" pasipo kusema ni katika hali ipi kati ya hizi tatu, imemwachia tabibu kitendawili.

Kuna kanuni moja inayosaidia, nayo mfasiri hana budi kuihifadhi kikamilifu. Vijidudu vya kawaida vya ngozi, kama vile Staphylococcus epidermidis, vikionekana katika sampuli moja tu huchukuliwa kwanza kuwa huenda ni uchafuzi. Hudaiwa vionekane katika sampuli mbili au zaidi zilizochukuliwa kwa michomo tofauti. Lakini Staphylococcus aureus au kuvu wa jenasi ya Candida, hata wakionekana katika sampuli moja, hawapuuzwi.

6. Kuotesha damu

Dalili za mwili haziwezi kutoa hukumu peke yake. Ili kulieleza jambo hili, wataalamu hutumia sifa mbili za kipimo, nasi twapendekeza ziitwe "unasaji" na "umahususi". Wavu wenye macho madogo hunasa samaki wote, na pamoja nao mwani na takataka. Huo una unasaji mkubwa na umahususi mdogo. Wavu wenye macho makubwa hunasa samaki mkubwa tu, na wengi hupita. Homa ni wavu wa kwanza: wagonjwa wengi wa uambukizo huu huwa nayo, lakini homa ina sababu nyingi mno. Usaha mahali katheta inapoingilia ni wavu wa pili: ukionekana, shaka huwa kubwa sana, lakini wagonjwa wengi wenye uambukizo hawana usaha wowote. Kwa sababu hii hapana budi kwenda maabara.

Huko maabara, damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, ikawekwa katika joto linalofanana na la mwili. Jina la tendo hili katika Kiingereza ni neno ambalo wafasiri wa magazeti hulifasiri "utamaduni", na "utamaduni wa damu" umekwisha kuonekana katika karatasi za watu wazima. Mafundi wa maabara wenyewe hawakuwahi kukosea: wao husema "kuotesha", na wakipata jibu husema "imeota". Neno hili lilitoka shambani, nalo ni sahihi kwa kila hali, kwani mbegu ikiwamo itaota, na isipokuwamo haitaota hata ungoje vipi. Twashauri "uoteshaji wa damu" kwa tendo, na "vijidudu vimeota" au "havikuota" kwa matokeo.

Tunapendelea maneno hayo kuliko "chanya" na "hasi" katika karatasi zitakazosomwa na mgonjwa au jamaa zake. Chanya kwa msemaji wa kawaida ni jambo jema. Kumwambia mtu kwamba damu yake ni chanya, ilhali maana ni kwamba ina bakteria, ni kumfurahisha kwa msiba. Katika ripoti za maabara zinazosomwa na wataalamu peke yao, chanya na hasi zaweza kubaki.

Kiasi cha damu pia ni sehemu ya istilahi. Kwa mtu mzima hutakiwa mililita 20 hadi 30 kwa kila uchukuaji, zikigawanywa katika chupa zake. Mwongozo ukisema "damu kidogo", au "damu ya kutosha", umekosa kusema chochote. Damu ikiwa haba, vijidudu vichache vilivyomo vyaweza kukosekana.

7. Jozi ya damu, na hesabu ya saa

Tuseme sasa vijidudu vimeota, na ni uambukizo kweli. Swali linabaki: je, umetoka katika katheta, au umetoka mapafuni, katika njia ya mkojo, au kwenye kidonda? Njia kongwe ya kujibu ni kuing'oa katheta na kuichunguza ncha yake. Mwaka 1977 Dennis Maki na wenzake huko Marekani walieleza namna ya kuviringisha kipande cha ncha juu ya sahani ya maabara na kuhesabu koloni zinazoota. Waliweka mpaka wa koloni 15 au zaidi. Mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani wa mwaka 2009 wasema zaidi ya koloni 15 kwa kipande cha sentimita 5. Mfasiri ataona kwamba "15 au zaidi" na "zaidi ya 15" si kitu kimoja. Kila kimoja kifasiriwe kama kilivyo. Tena azingatie kwamba idadi hiyo peke yake huthibitisha ulowezi. Ili kusema uambukizo umetokana na katheta, kijidudu kile kile hakina budi kuota pia katika damu iliyochukuliwa kwa sindano mahali pengine.

Njia hiyo ina kasoro iliyo wazi: katheta imekwisha kung'olewa. Njia ya pili huiacha mahali pake. Huchukuliwa damu kupitia katheta, na damu nyingine kwa sindano kutoka katika vena ya mkono, kwa wakati mmoja, kwa kiasi kilicho sawa, na kabla ya kuanza antibiotiki. Kisha chupa hutiwa katika mashine inayogundua hewa ya ukaa inayotolewa na vijidudu vinapokua. Chupa yenye vijidudu vingi hutoa ishara mapema. Ikiwa kijidudu ni kile kile, na damu ya katheta imetoa ishara angalau dakika 120 kabla ya damu ya mkono, basi katheta ndiyo chanzo. Kazi ya François Blot na wenzake huko Ufaransa, iliyochapishwa mwaka 1998 na 1999, ndiyo iliyoipa njia hii nguvu.

Sasa tutazame maneno. Mwongozo ukifasiriwa "chukua damu mara mbili", muuguzi mwaminifu aweza kuchukua asubuhi na jioni, zote kutoka mkononi, na kipimo chote kikawa bure. Neno linalotakiwa ni "jozi". Viatu vya mguu mmoja si jozi hata vikiwa viwili. Vivyo hivyo damu mbili za mkono si jozi. Kila chupa iandikwe lebo ya mahali ilikotoka: "damu ya katheta" au "damu ya mkono". Chupa zisizo na lebo hiyo, hata mashine iwe nzuri namna gani, haziwezi kulinganishwa.

Mtego mwingine ni wa Kiswahili chenyewe. Dakika 120 ni muda wa saa mbili. Lakini "saa mbili" kwetu pia ni wakati, asubuhi au usiku. Kuandika "damu ya katheta iote saa mbili kabla" ni kumtatiza msomaji. Tunashauri paandikwe "dakika 120" daima. Zaidi ya hayo, mashine huandika saa kwa hesabu ya Kizungu, ilhali muuguzi huenda akaandika kwa hesabu yetu. Saa 14:00 ya mashine ni saa 8 ya mchana. Chupa moja ikiandikwa kwa hesabu hii na nyingine kwa hesabu ile, huzuka tofauti ya saa sita isiyokuwapo, na katheta isiyo na lawama yaweza kuhukumiwa. Karatasi moja itumie hesabu moja, na itajwe juu kabisa ni ipi.

Mfano utafafanua. Damu ya katheta imeota baada ya muda wa saa 11, na ya mkono baada ya saa 15: tofauti ni dakika 240, na kigezo kimetimia. Kwa mgonjwa mwingine muda ni saa 14 na saa 15: tofauti ni dakika 60, na kigezo hakikutimia. Katika hali hii ya pili, mfasiri asiandike "katheta ni salama". Lililothibitika ni kwamba kigezo hakikutimia. Zaidi ya hapo ni kazi ya tabibu.

8. "Utokanao" na "uhusishwao"

Watumishi wa serikali wanaoandaa takwimu watakuta istilahi mbili zinazofanana sana, na katika tafsiri nyingi zimechanganywa kuwa moja.

Ya kwanza ni ya tabibu aliye mbele ya mgonjwa. Hutaka ushahidi wa ncha au wa jozi ya damu, kama tulivyoeleza. Hii twaiita "uambukizo utokanao na katheta".

Ya pili ni ya msimamizi anayehesabu. Kwa kanuni za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, ambazo nchi nyingi huzifuata au huzirekebisha, huhesabiwa uambukizo wa mkondo wa damu uliothibitishwa na maabara, usiotokana na uambukizo wa mahali pengine mwilini, kwa mgonjwa ambaye katheta yake imekuwamo kwa zaidi ya siku mbili mfululizo za kalenda, na ambayo ilikuwamo siku hiyo au siku iliyotangulia. Hapa haudaiwi ushahidi kwamba katheta ndiyo chanzo. Yatosha kwamba ilikuwamo na kwamba chanzo kingine hakikuonekana. Hii twaiita "uambukizo uhusishwao na katheta". Ya kwanza ni hukumu, ya pili ni daftari. Aliyeandikwa katika daftari si lazima awe amehukumiwa. Ripoti inayoandika "yaliyosababishwa na katheta" mahali palipotakiwa "yaliyohusishwa" inaibebesha wodi lawama ambayo haijathibitishwa.

"Siku ya kalenda" nayo yataka kuangaliwa, maana huanza saa 6 ya usiku, si magharibi. Msemaji akitaja "usiku wa Ijumaa", wapo watakaofahamu usiku wa kuamkia Ijumaa. Daftari litaje tarehe.

Kipimo cha kulinganishia hospitali ni maambukizo kwa kila siku-katheta 1,000. Wagonjwa 10 wenye katheta kwa siku 5 kila mmoja hufanya siku-katheta 50. Wodi yenye maambukizo 3 katika siku-katheta 1,500 ina kiwango cha 2 kwa 1,000. Faida ya hesabu hii ilionekana katika jimbo la Michigan, Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 na Peter Pronovost na wenzake, kutoka wodi 103 za wagonjwa mahututi, yalionyesha kuwa kiwango cha wastani wa kati kilishuka kutoka 2.7 hadi 0 katika miezi mitatu. Waliyoyafanya yalikuwa mambo matano yanayoweza kuandikwa kwa lugha nyepesi: kunawa mikono; kujifunika na kumfunika mgonjwa kikamilifu wakati wa kuingiza katheta; kusafisha ngozi kwa kloreksidini; kuepuka kinena inapowezekana; na kuing'oa katheta isiyohitajika tena.

9. Kumweleza mgonjwa

Istilahi tulizozitaja ni za karatasi. Mbele ya mgonjwa, neno lililo bora ni lile analolielewa, bora lisipotoshe. Muuguzi aweza kusema hivi: "Mama, una homa, na tunataka kujua kama inatoka kwenye huu mpira wa shingoni. Tutakuchukua damu sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye mpira na mkononi. Maabara wataziotesha waone ni ipi inayoota vijidudu kwanza. Mpira hatuutoi mpaka tupate jibu, isipokuwa daktari akiona kuna hatari." Katika maneno hayo hamna istilahi hata moja ngumu, na hata hivyo dhana zote zimo: jozi, uoteshaji, ulinganisho wa muda, na sababu ya kungoja.

Neno "utambuzi" lenyewe tumelichagua kwa kusudi. "Uaguzi" ni neno kongwe, lakini linaandamana na ramli na waganga wa jadi. "Uchunguzi" ni kazi ya kutafuta. "Ubainishaji" ni kujua kijidudu ni kipi. "Utambuzi" ni kauli ya mwisho ya tabibu baada ya hayo yote.

10. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Katheta ya vena kuu: mrija unaoingizwa mwilini mpaka ncha yake ifike katika vena kubwa iliyo karibu na moyo.
Koloni: doa la vijidudu lililoota juu ya sahani ya maabara.
Damu ya katheta, damu ya mkono: sampuli mbili zinazounda jozi.
Jozi ya damu: sampuli mbili za wakati mmoja na kiasi kimoja, kutoka katika katheta na kutoka katika vena ya mkono.
Siku-katheta: siku moja ya mgonjwa mmoja mwenye katheta.
Uchafuzi: kuingia kwa vijidudu vya nje katika sampuli.
Ulowezi: makazi ya vijidudu katika katheta pasipo ushahidi wa kuenea katika damu.
Uambukizo wa mkondo wa damu: kuwamo kwa vijidudu hai ndani ya damu pamoja na ugonjwa.
Uambukizo utokanao na katheta: ule uliothibitishwa kwa ncha au kwa jozi ya damu.
Uambukizo uhusishwao na katheta: ule unaohesabiwa kwa kanuni za takwimu.
Umahususi: uwezo wa kipimo kutowahesabu wasio na ugonjwa.
Unasaji: uwezo wa kipimo kuwapata wenye ugonjwa.
Uoteshaji wa damu: kuilea damu maabara ili vijidudu vilivyomo vikue.

11. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi njema haipatikani kwa kutazama sura ya neno la kigeni, bali kwa kuuliza kitu chenyewe kinafanya nini. Mara nyingi jibu limo vinywani mwa watu wetu tayari: kwa fundi wa maabara anayesema damu imeota, kwa karani aliyezoea kuandika Benki Kuu, na kwa mvuvi anayejua macho ya wavu wake. Kazi ya mfasiri ni kulisikiliza jibu hilo, kulipima, na kuliandika kwa namna moja kila mahali.

Walimu wa vyuo vya uuguzi na mafundi wa maabara wayajaribu maneno haya kazini, na wayakosoe. Lile litakalomfanya muuguzi mmoja asite kabla ya kuandika lebo ya chupa halifai, hata likiwa zuri sikioni; na lile litakaloeleweka saa ya usiku, mgonjwa akiwa na homa na chupa zikiwa mkononi, ndilo la kuwekwa katika kamusi.